Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Udahili wa Vyuo Vikuu: Tuonyesheni Foleni

Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Makamu Wakuu wa Vyuo, na wakurugenzi wa udahili wa vyuo vikuu vya umma na vya binafsi.

Ndugu Viongozi,

YAH: NAFASI ZINAZOACHWA WAZI BAADA YA AWAMU YA KWANZA YA UDAHILI, NA HAKI YA MWOMBAJI KUJUA AMESIMAMA WAPI

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya kidato cha tano na sita huku Nyanda za Juu Kusini. Kwa mujibu wa barua yangu ya ajira, kazi yangu kwa mwanafunzi wa kidato cha sita humalizika anapotoka kwenye chumba cha mtihani mwezi Mei, lakini kila mwalimu wa taaluma anajua kwamba simu zinaanza kulia mwezi Julai, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, na haziachi kulia mpaka vyuo vifungue milango yake kwenye Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo mimi ndiye ninayeulizwa swali ambalo ningependa ninyi ndio mlijibu: "Mwalimu, nimekosa awamu ya kwanza. Je, nina nafasi?"

Miaka michache iliyopita nilikuwa na wasichana wawili wa tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, waliokaa dawati moja kwa miaka yote miwili. Mmoja alipata daraja la kwanza la pointi 5, mwingine daraja la kwanza la pointi 7; katika madaraja yetu, pointi chache ndizo ufaulu wa juu. Wote wawili waliomba udaktari wa binadamu na famasia, na kwa sababu walikuwa wakishauriana, waliomba katika vyuo vilevile. Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, yule wa kwanza alikuwa amechaguliwa na vyuo vitatu, na mwenzake hakuchaguliwa na hata kimoja. Mwenye vyuo vitatu alikaa navyo karibu mpaka siku ya mwisho ya kuthibitisha kimoja atakachokwenda, kwa kuwa mama yake alitaka aende Dar es Salaam akakae karibu na shangazi, na mjomba anayelipa ada alikuwa na mawazo mengine. Simlaumu, maana hilo ni jambo la familia na muda wa kulijadili alipewa kihalali. Lakini katika siku zote hizo mwenzake alikuwa kwa dada yake mjini, anafungua akaunti zake za maombi asubuhi na jioni, na nafasi mbili ambazo rafiki yake hakuwa na haja nazo zilikuwa zimefungwa kabatini.

Siwezi kudai kwamba nafasi moja kati ya hizo mbili ingekuwa yake. Hilo ndilo kiini cha barua hii: si yeye, si mimi, wala si mtu yeyote nje ya ofisi ya udahili aliyeweza kujua. Alipopiga simu katika chuo kimojawapo, ambacho sitakitaja, aliambiwa aendelee kuangalia akaunti yake. Dirisha la pili lilipofunguliwa akalipa tena ada za maombi, akaomba tena kozi zilezile, akakosa tena. Hatimaye alichukua shahada ya ualimu wa sayansi, kada ambayo mimi ni wa mwisho kuidharau, ila yeye hakuwa ameiota. Masomo yalipokuwa yamekwisha kuanza, rafiki yake alimwambia kwamba wapo waliochaguliwa darasani kwao ambao hawakuripoti. Sikuweza kulithibitisha hilo wala sikulifuatilia, kwa sababu hata kama lingekuwa kweli, hapakuwa na njia ya yeye kuitwa.

Naomba nieleze kwa hesabu ya mfano, ili hoja isichukuliwe kuwa ni machozi ya mwalimu. Tuseme chuo kina programu yenye nafasi 150 zilizoidhinishwa, na waombaji 2,000 wenye sifa. Chuo kinawapanga kwa ufaulu, kinachukua 150 wa juu, na majina yanapita katika mamlaka za chuo na kuhakikiwa na Tume kabla ya kutangazwa. Waombaji wa juu ndio haohao ambao kila chuo kinawataka, kwa hiyo tuseme 50 kati yao wanathibitisha kwingine. Chuo kinabaki na nafasi 50. Kama foleni ingekuwepo, mtu wa 151 hadi wa 200 wangesogea mbele, na kazi ingekwisha kwa siku moja. Kwa utaratibu tulionao, dirisha jipya linafunguliwa na kila mtu anaanza upya, akiwemo ambaye hakuomba kabisa mara ya kwanza. Mtu wa 151 na mtu wa 1,900 walipewa jibu lilelile, kwamba hawakuchaguliwa. Wa 1,900 anaomba tena kwa matumaini asiyostahili kuwa nayo, na anatumia fedha ambayo pengine baba yake ameuza debe la mahindi kuipata. Wa 151 anakata tamaa, anaomba kitu kingine kabisa, na nafasi ambayo ingekuwa yake kwa haki inachukuliwa na mwenye alama za chini kuliko yeye.

Wapo pia walio katika hali ngumu zaidi ya hiyo, nao ni wale waliopata kitu, ila si walichokitaka. Kijana aliyeomba uhandisi wa umeme akapangiwa kozi aliyoiandika mwisho ili tu kujaza fomu, anapofika awamu ya pili anatakiwa kuamua: aishike kozi hiyo, au aighairi na kuingia katika dirisha jipya akiwa hajui nafasi zimebaki ngapi wala alikosa kwa alama ngapi. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami ndiyo nasaha ninayowapa wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu sina takwimu ya kuwapa nasaha nyingine. Matokeo yake ni kwamba anayeambulia nafasi nzuri katika awamu ya pili mara nyingi ni yule asiyekuwa na cha kupoteza, na aliyefaulu vizuri zaidi yake amekwisha kufungwa kwenye kozi aliyoiandika bila kufikiri.

Nafahamu jibu ambalo hutolewa tunapolalamika, kwamba nchi ina nafasi za kutosha. Ni kweli kabisa. Tume ilitangaza kwamba nafasi za shahada ya kwanza kwa mwaka wa masomo 2023/2024 zilikuwa 186,289, na kwa mwaka 2024/2025 zikapanda hadi 198,986. Ni ongezeko la kujivunia kwa nchi ambayo mwaka 1961 ilianza na chuo kikuu kishiriki kimoja chenye kitivo cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Lakini jumla ya nafasi nchini haimsaidii anayegombea udaktari au famasia, kama vile wingi wa viti vya basi la Songea usivyomsaidia abiria wa Kigoma. Programu zisizogombewa hazihitaji foleni. Zinazogombewa ndizo ambazo nafasi moja inayorudi ina thamani kubwa, na ndizo ambazo hatuambiwi zimebaki ngapi. Najua vyuo huelekezwa kutangaza programu ambazo bado zina nafasi, navyo hutangaza. Lakini tangazo linalosema programu fulani "bado ina nafasi" ni lilelile, zikiwa zimebaki nafasi 3 au 300, na mwalimu anayeshauri watoto mia mbili hawezi kufanya kazi na tangazo la namna hiyo.

Kwa haki, ni lazima nikumbushe tulikotoka. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 tulikuwa na mfumo mmoja wa udahili ulioendeshwa na Tume, ambamo mwombaji aliomba mara moja na kupangiwa chuo kimoja tu. Mfumo ule haukuzalisha mtu mwenye vyuo vitatu mkononi, lakini ulizaa malalamiko mengine, kwamba vijana walipelekwa wasikokutaka na vyuo havikuwa na sauti juu ya nani anaingia. Mwaka 2017, baada ya Rais Magufuli kulisemea jambo hilo hadharani alipozindua mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, udahili ulirudishwa vyuoni na waombaji wakaanza kuomba moja kwa moja. Siombi turudi nyuma. Uhuru wa kuchagua ni jambo jema, na nimeona wanafunzi wangu wakijifunza kupima mambo kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba tulipofungua mlango wa kuomba vyuo vingi, tulikumbuka kumtaka mwenye vyuo vingi athibitishe kimoja, ila hatukumaliza kazi upande wa pili: nafasi anazoziachia ziende kwa nani, kwa utaratibu gani, na nani anaziona zikienda.

Ninachokipendekeza kina jina rahisi, orodha ya akiba. Kila mwombaji mwenye sifa ambaye hakuchaguliwa katika programu inayogombewa awekwe kwenye orodha ya programu hiyo kwa mpangilio wa ufaulu uleule uliotumika kuwachagua waliotangulia, na aione namba yake katika akaunti yake ya maombi. Nafasi inaporudi, wa kwanza kwenye orodha anaitwa, anapewa saa 72 za kukubali, na akinyamaza anaitwa anayefuata. Haombi upya wala halipi tena. Na aliyekwisha kupata kozi nyingine abaki na kozi yake huku akiendelea kusubiri, ili asilazimike kuuacha mbacha wake kabla msala haujafika.

Jambo hili si geni kwa Serikali yetu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutunza kwenye kanzidata majina ya waliofaulu usaili lakini wakakosa nafasi, na nafasi inapopatikana, tangazo la kuitwa kazini huwa na majina yaliyotoka humo, bila mtu kufanya usaili upya. Ofisi ya Rais, TAMISEMI, imewahi kutoa awamu ya pili ya uchaguzi wa wanafunzi wa kidato cha tano ili kujaza nafasi za walioshindwa kuripoti, na mzazi hakutakiwa kujaza fomu mpya wala kulipa chochote. Kama tunaweza kumpigia simu mhasibu aliyekosa kazi mwaka uliopita, na tunaweza kumhamishia mtoto wa kidato cha nne kwenye nafasi iliyoachwa wazi, sioni kwa nini tushindwe kwa mwombaji wa chuo kikuu, ambaye taarifa zake zote zimekwisha kuwa kwenye kompyuta zenu.

Tukitazama nje, India imelifikisha jambo hili mbali zaidi. Tangu mwaka 2015 nafasi za taasisi zao za teknolojia, zile za IIT na NIT, zinagawiwa kwa pamoja kwa awamu kadhaa, na baada ya kila awamu hutangazwa mtu wa kwanza na wa mwisho kuingia katika kila kozi ya kila chuo walikuwa wa ngapi kitaifa. Aliyepata kozi asiyoipenda sana anaruhusiwa kuishika na kubaki kwenye kinyang'anyiro cha ile aliyoiweka juu yake, na ikipatikana, anahamishwa na aliyokuwa ameishika inakwenda kwa mwingine. Hapa jirani, Kenya, mfumo wao wa kupanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, humwonyesha mwombaji alama za mwisho zilizoingia katika kila programu miaka iliyotangulia, kwa hiyo kijana wa Kisumu anajua mapema anachokigombea kwa kiwango ambacho kijana wa Kyela hakijui. Nimewahi kukaa na mwanafunzi na mwongozo wetu wa udahili mkononi, ukurasa kwa ukurasa, na mwongozo ulituambia sifa za chini tu. Sifa ya jumla ya kuingia, ufaulu wa masomo mawili wenye alama zisizopungua 4.0, inaeleweka kwa kila mtu. Isichoeleza ni kwamba katika kozi fulani mwenye 4.0, au hata mwenye mara mbili yake, hana tumaini lolote. Sifa ya chini na alama iliyoingia mwisho ni vitu viwili tofauti kabisa, na watoto wengi maskini wanapoteza fedha kwa kudhani ni kitu kimoja.

Niwe mkweli pia kuhusu mfano mbaya. Marekani ndiko ambako orodha ya kusubiri inajulikana zaidi, na siitamani ilivyo huko. Vyuo vingi vya kule huwaweka maelfu ya watu kwenye orodha bila kuwapa namba, kwa kuwa chuo kinajilinda kisibaki na viti vitupu baada ya tarehe 1 Mei, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya mwisho ya mwanafunzi kuchagua chuo. Katika miaka ya karibu na korona, chama chao cha washauri wa udahili, NACAC, kilionyesha kwamba kwa wastani ni asilimia 20 tu ya waliokubali kubaki kwenye orodha waliopata nafasi, na katika vyuo vyenye ushindani mkali ni asilimia 7. Orodha ya namna hiyo ni heshima ya uongo, ni njia ya kumwambia mtu hapana kwa sauti laini. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo vyuo vingi vya kule hulifanya nasi hatulifanyi: kila mwaka hujaza fomu ya takwimu ya pamoja na kuandika humo ni wangapi waliwekwa kwenye orodha, wangapi walikubali kusubiri, na wangapi mwishowe waliingia. Mwombaji wa mwaka unaofuata anazisoma namba hizo tatu na kufanya uamuzi akiwa mtu mzima. Nasi tukianzisha orodha yetu, naomba iwe fupi, isizidi, kwa mfano, idadi ya nafasi za programu yenyewe, na aliye nje ya hapo aambiwe waziwazi kwamba kozi hiyo imempita, atafute nyingine wakati dirisha bado liko wazi.

Sasa nizungumzie kuthibitisha, maana foleni haiwezi kusogea kama walio mbele hawatoki. Muda wa kuthibitisha ufupishwe, na nafasi zisizothibitishwa zirudi siku ileile badala ya kungoja dirisha zima lifungwe. Lakini tahadhari inahitajika, na hapa nawasihi msikilize watu wa chini. Wapo vijana wanaokuwa makambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria katika sehemu ya kipindi hicho, na hawakai na simu kama walio nyumbani. Wapo wengi zaidi, hasa vijijini, ambao hawakujaza maombi wenyewe. Aliyejaza ni kijana wa duka la steshenari pale stendi, aliyetumia namba yake ya simu na barua pepe yake kwa wateja themanini, na namba ya siri ya kuthibitisha inapotumwa inaingia kwenye simu yake. Nimewahi kumsindikiza mwanafunzi kwenda kuidai namba yake ya siri dukani, tukaambiwa mwenye simu amesafiri kwenda msibani Rungwe. Wenyewe wanaita "kukonfemu", na kwa mtoto wa namna hii kukonfemu ni safari ya nauli. Kwa hiyo muda ukifupishwa, ujumbe utumwe pia kwa mzazi au mlezi, na shule aliyotoka mwombaji ipewe njia ya kuona kama mwanafunzi wake amethibitisha au bado. Walimu wa taaluma tutaifanya kazi hiyo bila posho, kwani tunaifanya tayari.

Lipo pingamizi moja ambalo nimelifikiria sana na ambalo sitaki kulirukia, nalo ni la vyuo binafsi. Mkuu wa chuo binafsi atauliza, na ana haki ya kuuliza: orodha hii si itaniondolea wanafunzi wangu mpaka dakika ya mwisho? Kijana amekwisha kuthibitisha kwangu, nimempangia chumba, nimeajiri mhadhiri kwa kutegemea ada yake, kisha wiki ya kwanza ya masomo anaitwa na chuo cha umma chenye ada nafuu na kuondoka. Chuo kinachoendeshwa kwa ada hakiwezi kustahimili mwezi mzima wa kuondokewa. Sina jibu litakalomridhisha kila mtu, ila naona mambo mawili. La kwanza, wanaondoka hata sasa, kwa kughairi na kuomba upya au kwa kutoripoti tu, na chuo hakijui mpaka siku ya usajili, ambapo orodha ingekipa taarifa mapema na kukipa nacho watu wa kujaza pengo. La pili, kuwepo tarehe moja ya nchi nzima ambayo baada yake kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine kupitia orodha kunakoma, tuseme wiki mbili kabla ya masomo kuanza. Baada ya tarehe hiyo, nafasi za wasioripoti zijazwe na watu wasio na chuo kabisa, au wahame ndani ya chuo hichohicho kutoka kozi moja kwenda nyingine. Hasara itabaki kwa baadhi ya vyuo, nakiri. Lakini hasara hiyo kwa sasa anaibeba mtoto wa miaka kumi na tisa ambaye hajui hata kama anaibeba.

Tarehe hiyo itahitaji kukubalika na Bodi ya Mikopo pia, kwa sababu orodha isiyotembea pamoja na mkopo ni orodha ya watoto wa wenye nacho. Mkopo hupangwa kwa mwenye udahili uliothibitishwa, kwa awamu, na anayeitwa kutoka kwenye orodha mwishoni mwa Oktoba asije akaambiwa kwamba chuo amekipata lakini fungu limekwisha kugawiwa. Ikiwa alikuwa na mkopo kupitia kozi aliyoishika, umfuate. Ikiwa hakuwa na udahili wowote ila maombi yake ya mkopo yalikamilika kwa wakati, maombi hayo yahesabiwe hai mpaka foleni ifungwe. Sioni sababu ya kurefusha hapa, kwani Bodi na Tume zimekuwa zikipeana taarifa za wadahiliwa kwa miaka mingi.

Kuhusu gharama na ugumu wa kuendesha orodha, sitakaa sana. Kompyuta iliyoweza kumpanga mtu wa 150 imekwisha kumpanga wa 151. Kinachokosekana ni kumwambia. Na kama ipo hofu ya faragha, orodha itumie namba ya maombi badala ya jina, ambayo ni faragha kubwa kuliko tuliyonayo kwenye matokeo ya mtihani, yanayobandikwa mtandaoni kwa namba ya kila mtahiniwa.

Kuna jambo moja ambalo ni vigumu kuliandika kwenye barua yenye heshima, lakini kila anayeisoma analijua. Nafasi zinaporudi na hakuna anayeziona zikitoka, huzaliwa vimemo, yaani vikaratasi vya wakubwa vya kumwombea mtu nafasi. Sisemi kwamba chuo chochote kinauza nafasi, wala sina ushahidi wa hilo. Nasema tu kwamba wazazi wanaamini hivyo. Kila mwaka katika mwezi wa Septemba napokea angalau mzazi mmoja anayeniuliza kama namfahamu mtu "pale ndani". Ninapomjibu kwamba mambo hayaendi hivyo, ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwalimu asiyejua dunia. Mzazi huyo angekuwa anaiona namba ya mwanawe kwenye simu, jana 34 na leo 29, asingekuwa na haja ya kunitafuta mimi wala huyo mtu wa ndani. Na mkurugenzi wa udahili anayepigiwa simu na mkubwa fulani angekuwa na jibu jepesi la kumpa: orodha iko hadharani, mheshimiwa, na ukimruka mmoja wote wataona.

Iwapo yote haya ni makubwa mno kwa mwaka mmoja, naomba mwanzo mdogo usiohitaji kanuni mpya. Kabla ya dirisha la pili la mwaka huu kufunguliwa, kila chuo kichapishe namba mbili kwa kila programu: nafasi zilizobaki, na alama za mtu wa mwisho aliyechaguliwa katika awamu ya kwanza. Tume iziweke zote kwenye jedwali moja katika tovuti yake, ili mwalimu wa Makete asilazimike kufungua tovuti za vyuo vyote kwa bando la kununua mwenyewe. Orodha ya akiba ianze mwaka unaofuata kwa kozi chache zinazogombewa zaidi, kuanzia udaktari, famasia na uhandisi, katika vyuo vitakavyokubali kujaribu. Mwisho wa msimu zitangazwe namba tatu: waliowekwa kwenye orodha, waliokubali kusubiri, na walioingia. Tukiona wamesogea wanne tu kati ya mia mbili, basi tutajua, nami nitawaambia wanafunzi wangu wasisubiri.

Yule msichana wa pointi 7 yuko mwaka wa mwisho sasa, na mwaka jana alikuja kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule yetu. Anafundisha baiolojia vizuri kuliko nilivyoifundisha mimi. Siku ya kuondoka aliniuliza tena, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza habari za zamani: "Mwalimu, hivi mimi nilikuwa wa ngapi?" Nikamwambia sijui. Jibu lake lilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi ya udahili tangu siku ile ya kwanza, na mwanafunzi wangu wa mwaka huu atakayeniuliza swali hilo mwezi Septemba ningependa nimwonyeshe namba.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Taaluma,
Nyanda za Juu Kusini